Gari lililogongwa na kutengenezwa: bei hushukia wapi, na mnunuzi aangalie nini

Msimu wa mazao ukiisha, simu na meseji zinazoingia studio hubadilika. Watu hawaulizi tena mbolea wala bei ya gunia, wanauliza magari: Probox ya kubebea nyanya, Noah ya kupeleka abiria mnadani, Canter ya kununua kwa kuchangishana ndugu watatu. Swali moja hurudi kila mwaka kwa sura mbili. Mnunuzi anasema, "Nimepata gari kwa bei nafuu ila nasikia liliwahi kugongwa, nichukue au niache?" Muuzaji naye anasema, "Langu liligongwa nikalitengeneza vizuri kabisa, mbona kila anayekuja ananishushia bei?"

Majibu ya hewani hupita haraka, na wengi huomba turudie. Ndiyo maana tumeyaweka hapa kwa maandishi, uyasome taratibu ukiwa na gari mbele yako.

Tuanze na jambo ambalo madalali wengi hawalisemi. Kugongwa peke yake si lazima kushushe bei sana. Kinachoishusha ni mambo mawili: kama kipigo kilifika kwenye mifupa ya gari, na kama mwenye gari anaweza kuonyesha kilichofanyika baada ya hapo. Gari lililobadilishwa bampa na taa moja, risiti zikiwepo, linaweza kuuzwa kwa bei inayokaribiana sana na ya gari ambalo halijaguswa. Gari lililokatwa mbele likaungwa kipande cha gari jingine, hata ling'arishwe vipi, si la bei ileile.

Ngozi na mifupa

Magari mengi madogo tunayonunua huku, kama IST, Probox na Noah, hayana chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Ni mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja kiwandani mpaka yakawa kama sanduku moja. Ndani ya sanduku hilo kuna sehemu zinazobeba mzigo wote: vyuma viwili virefu vya mbele vinavyoshika injini, nguzo za milango, sakafu, paa, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Hiyo ndiyo mifupa.

Nje yake kuna ngozi. Bampa, boneti, madigadi ya mbele na milango vimefungwa kwa bolti. Fundi akifungua bolti akaweka kingine cha aina ileile, gari linarudi kama lilivyokuwa. Hapo hakuna cha kuogopa. Ila kumbuka kwamba bati la ubavuni nyuma, lile linalozunguka tairi la nyuma, halikufungwa kwa bolti. Limechomelewa. Likibadilishwa, maana yake kuna mtu alishika msumeno.

Vile vyuma virefu vya mbele viliundwa vijikunje gari linapogonga, ili kishindo kiishie pale kisimfikie dereva. Vikishajikunja mara moja, fundi anaweza kuvivuta vikaonekana vimenyooka, lakini chuma kilichokunjwa na kupigwa moto hakina tena nguvu ileile. Ajali ya pili hakitajikunja kama kilivyokusudiwa. Kwa hiyo bei inayoshuka hapa si ya sura ya gari. Ni ya kazi ambayo gari haliwezi tena kuifanya vizuri siku ya shida.

Hilux, Land Cruiser za mzigo na Canter ni habari nyingine. Hizo zina chasisi halisi chini, ile yenye umbo la ngazi, na bodi imewekwa juu yake. Kwa magari hayo, bodi iliyobonyea na kunyooshwa haina uzito mkubwa sana. Tungependa zaidi ulale chini uiangalie ngazi yenyewe: imepinda, imepasuka, au imechomelewa kiraka? Wapo wanaokwepa Hilux yenye mlango uliopondeka wakanunua yenye rangi safi na chasisi yenye ufa.

Wajapani wanavyoliandika jambo hili

Sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayofika nchini yametoka Japan, na mengi yamepita kwenye minada ya huko. Mnadani kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi moja. Karatasi hiyo ina alama ya jumla, kama 4.5, 4 au 3.5, na mchoro wa gari wenye herufi ndogondogo. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa au kupakwa rangi upya na bado inaonekana, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, hivyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa.

Badala ya namba ya jumla unaweza kukuta R au RA. Hapo gari limehesabiwa kuwa na historia ya matengenezo ya ajali. Lakini Wajapani hawatoi R kwa sababu mlango umebadilishwa. Mlango au boneti yenye XX haitoshi. R hutolewa pale mifupa ilipoguswa: nguzo, vyuma virefu vya mbele, sakafu, paa na vinginevyo vya aina hiyo. Ni kipimo kilekile tulichoanza nacho, ngozi na mifupa, na mnadani magari ya R huuzwa kwa bei ya chini kuliko wenzake wa mwaka na kilomita zilezile.

Hii ndiyo sababu mojawapo ya gari linalofanana na la jirani kwa kila kitu kuwa nafuu zaidi kwenye tovuti za wauzaji. Ukiagiza mwenyewe, au kupitia wakala, omba karatasi ya mnada kabla ya kulipa. Usikubali tafsiri iliyochapwa upya peke yake. Taka karatasi yenyewe, kisha linganisha namba ya chasisi na ya gari. Karatasi zinaweza kuchezewa, na alama ya R ni kitu kidogo sana kufuta kwenye picha.

Kwa anayenunua gari lililotoka Uingereza, kama Land Rover, kuna mpango mwingine. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyolipwa na bima kama yaliyoharibika hupewa herufi A, B, S au N. A na B hayatakiwi kurudi barabarani. S ni lililoumia mifupa, N ni lisiloumia mifupa, na yote mawili yanaweza kutengenezwa na kuuzwa.

Kadi ya gari haisemi

Likishasajiliwa hapa, historia inakatika. Kadi ya gari inakueleza jina la mmiliki, aina, rangi, mwaka, namba ya injini na ya chasisi. Ajali haimo. Stika ya bima unaweza kuihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA ukaona kama ni hai, lakini nayo haikuambii gari liligongwa mara ngapi.

Na tuseme neno kuhusu herufi za namba. Watu wetu wamezoea kupima thamani kwa namba: "hili ni namba D", "lile ni namba E", na bei inapanda. Herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Gari la namba E laweza kuwa limegongwa Japan, likagongwa tena Morogoro.

Kuna njia nyingine ambayo magari yaliyoumia hurudi sokoni. Mwenye bima kubwa akipata ajali mbaya, kampuni huangalia gharama ya matengenezo. Ikikaribia au kuzidi thamani ya gari, humlipa mwenye gari na kuchukua mabaki, kisha huyauza. Anayeyanunua anaweza kuyafanya spea, na anaweza kulijenga gari upya. Kulijenga upya si kosa. Tatizo ni pale linapokufikia wewe likiwa limepewa jina la "halijawahi kuguswa".

Probox ya kikundi

Msikilizaji mmoja alitueleza habari za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Walinunua Probox nyeupe, safi, rangi inang'aa kuliko ya gari la dukani. Ndani ya miezi mitatu tairi mbili za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani. Wakanunua nyingine, zikalika vilevile. Wakapeleka kupanga tairi, ile kazi mafundi wanaiita alaimenti, wakaambiwa vipimo havikubali kukaa. Na vumbi lilikuwa likiingia ndani kwa mlango wa kushoto nyuma mpaka mizigo ya unga ikabadilika rangi.

Fundi wa pili alifungua kapeti la nyuma, akanyanyua tairi la spea, akawaonyesha mstari wa kuchomelea uliopita sakafu nzima. Gari lilikuwa limeunganishwa.

Kikundi hakikulizwa na bei peke yake. Kililizwa na tairi nne, na mafuta ya safari za gereji, na mwisho kikashindwa kuliuza kwa bei iliyokaribia ile waliyonunulia, kwa sababu sasa wao wenyewe walikuwa wanajua. Katika habari hiyo mna karibu kila dalili tunayotaka uiangalie.

Jinsi ya kuliangalia bila mashine

Nenda asubuhi au saa za mwanga mzuri, gari likiwa kavu na limeoshwa. Muuzaji anayekuita magharibi ana sababu zake.

Simama mbele, chuchumaa, angalia nafasi kati ya boneti na madigadi, kulia na kushoto. Ziwe sawa. Fanya hivyo kwenye milango na buti. Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti vinavyoshika madigadi na bawaba. Kama rangi imechubuka kwenye pembe za bolti, spana imepita hapo. Hilo linathibitisha kipande kilifunguliwa, si zaidi. Uliza kwa nini.

Kisha tafuta alama za kiwandani za kuchomelea. Kwenye kingo za mlango ukitoa ule mpira, na kwenye vyuma vya kuzunguka injini, utaona vishimo vidogo vya duara vilivyopangwa kwa nafasi inayolingana. Hiyo ni kazi ya mashine. Mchomelea wa mtaani huacha mstari wenye mawimbi, au sehemu iliyosagwa na kupakwa rangi nzito ili isionekane. Nyanyua kapeti la buti, toa tairi la spea, tazama chini yake. Ukiruhusiwa kuangalia sehemu moja tu, angalia hapo.

Sumaku ndogo ya spika mbovu inasaidia. Izungushe kwa kitambaa chembamba, ipitishe polepole kwenye bati. Mahali inaposhika kwa udhaifu, chini yake kuna puti nene. Ila usimshtaki mtu kwa sababu haikushika kwenye bampa; hiyo ni plastiki, na magari mengine yana boneti ya alumini.

Kwa ajili ya barabara zetu, funga vioo vyote uendeshwe kilomita mbili tatu kwenye vumbi, gari jingine likiwa mbele. Mlango usiokaa sawasawa utajionyesha ndani, juu ya dashibodi na kwenye meno yako. Mtu wa mjini hawezi kufanya kipimo hiki kirahisi; sisi tunacho bure.

Kingine ni cha mvua. Liendeshe gari taratibu, moja kwa moja, juu ya ardhi tambarare yenye unyevu, usukani ukiwa umenyooka. Shuka uangalie alama. Alama za tairi za nyuma zikae kwa namna ileile kulia na kushoto ukilinganisha na za mbele. Zikiwa zimesogea zote upande mmoja, gari linatembea kiubavu kama kaa. Ukitaka uhakika, chukua kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande wa kulia kisha wa kushoto, tairi zikiwa zimenyooka. Kwa magari haya, pande mbili zikitofautiana waziwazi, acha.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa ya usalama iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa au ameifunika, na mara nyingi ni kwa sababu mifuko ilishalipuka kwenye ajali na haikurudishwa. Vuta mkanda wa dereva wote mpaka mwisho. Ukiwa umekunjamana kama nguo iliyolowa, ulishawahi kumzuia mtu.

Mwisho wa ukaguzi, namba ya chasisi. Kwenye magari mengi ya Kijapani imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ilingane na kadi, herufi kwa herufi. Ukiona imezungukwa na alama za kuchomelea, usibishane bei. Ondoka, hilo limeshavuka suala la ajali.

Punguzo liwe kiasi gani?

Wengi wanataka asilimia. Hatutoi, kwa sababu asilimia moja haiwezi kufaa kwa gari la mlango mmoja na gari la nguzo iliyokatwa. Tunapendekeza hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu.

Tuseme magari ya aina hiyo, mwaka huo, yasiyo na ajali, yanauzwa milioni 14 kwenye mji wenu. Anza hapo. Toa gharama ya kazi iliyobaki: tairi mbili, mpira wa mlango, taa isiyo ya aina yake, tuseme laki 9. Kama ni ngozi tu iliyoguswa na risiti zipo, unaweza kuishia karibu na hapo, pamoja na kidogo cha majadiliano.

Kama mifupa iliguswa, kuna vitu viwili vya kuongeza ambavyo watu husahau. Cha kwanza ni uchakavu wa ziada utakaoulipia kila mwezi. Cha pili ni kwamba nawe utaliuza siku moja, na mnunuzi wako atakushushia kama unavyomshushia huyu. Hivyo punguzo la laki tano kwa gari lililokatwa mbele halina maana. Hilo ni punguzo la mkwaruzo.

Msimamo wetu ni huu. Gari la kubebea abiria lenye mifupa iliyokatwa na kuungwa, usinunue kwa bei yoyote. La kuzungukia shambani kwa mwendo mdogo, ukiwa unajua, na kwa bei ya chini sana, ni uamuzi wako.

Kwa upande wa muuzaji

Usipige rangi gari zima kabla ya kuliuza. Mnunuzi mwerevu akiona gari la miaka 15 lenye rangi ya jana, anajiuliza imefunika nini. Mkwaruzo wa asili una faida: unaonyesha kwamba chini yake hakuna puti.

Ajali ikitokea, piga picha kabla fundi hajagusa kitu, hasa ndani, kwenye vyuma vya mbele. Ndizo zitakazothibitisha kwamba mifupa haikufikiwa. Piga tena kazi ikiwa katikati. Tunza risiti za spea, nakala ya ripoti ya polisi na ya mkaguzi wa magari, na karatasi za bima kama ulikuwa na bima kubwa. Bima ndogo hailipii gari lako mwenyewe. Kama kipande kinaweza kubadilishwa badala ya kunyooshwa na kujazwa puti, badilisha, hata kiwe cha mtumba. Rangi ichanganywe kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota, mathalani, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Fundi akichanganya kwa macho, jua la saa sita litamuumbua.

Halafu sema. Mnunuzi akigundua mwenyewe alama ya spana kwenye bolti moja, ataanza kuhesabu ajali ambazo hazikuwepo. Ukimwonyesha picha kabla hajauliza, mnajadili ajali moja tu, iliyotokea kweli.

Liandikeni kwenye mkataba

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeingia mkataba kwa kudanganywa nafasi ya kuukataa. Lakini ukimya wa muuzaji ni kitu kigumu kukishitaki. Kwa kawaida kunyamaza tu hakuhesabiwi kuwa ni udanganyifu, na unaweza kuulizwa kwa nini hukuangalia wakati ungeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo uliza wazi, mbele ya shahidi, halafu jibu liandikwe.

Sentensi moja inatosha: "Muuzaji anathibitisha kuwa kwa anavyojua gari hili halijawahi kupata ajali iliyoharibu chasisi, nguzo, sakafu au paa, isipokuwa matengenezo yafuatayo." Chini yake yatajwe, au iandikwe "hakuna". Muuzaji mkweli hapotezi chochote kwa kuweka sahihi hapo. Anayekataa, bei yake itazamwe upya au mazungumzo yaishe.

Mkataba upite kwa wakili ndipo mwende TRA kubadilisha umiliki. Nakala yako iweke pamoja na picha ulizopiga siku ya ukaguzi. Siku utakapoliuza gari hilo, mnunuzi wako naye atazitaka.